Nywele Hazijafika

Mimi kukaa kitako siwezi. Nilizaliwa hivyo, na wote walionilea walichoka kuniuliza nina nini makalioni. Kanisani nakaa karibu na mlango. Kwenye matanga napewa kazi ya kuteka maji, kwa sababu wanajua nikiwekwa mkekani nitawapiga wenzangu mateke mpaka waniombe nitoke. Sasa fikiria mateso yangu siku ya kusukwa nywele, kazi inayomtaka mtu atulie tangu asubuhi mpaka jua la utosi, kichwa kimebanwa magotini mwa mwenziwe. Katika maisha yangu yote ni mtu mmoja tu aliyeniweza. Ninayoyaandika hapa ni yake na yangu, na ya wawili wengine ambao hawapo.

Tulikuwa wasichana wanne, wote watoto wa askari wa Koboko, pale nchi yetu inapopakana na Zaire na Sudan, na tulivuka mpaka kuingia Zaire mwaka wa sabini na tisa, vita vilipotufikia. Tulikimbia na kidogo tulichoweza kubeba. Bibi wa mmoja wetu, sijui kwa nguvu gani, alibeba kinu na kiti cha kukunja cha jeshi, na mpaka leo najiuliza kwa nini hakubeba sufuria. Kule ng'ambo jirani mmoja akatuchongea kigoda. Tukapata na mkeka. Basi hiyo ndiyo ilikuwa saluni yetu.

Tulijipanga kwa mstari. Mmoja alikaa chini mkekani. Nyuma yake, juu ya kigoda, alikaa wa pili, akimsuka yule wa mkekani. Wa tatu alikaa kitini akimsuka wa kigodani. Mimi nilikuwa nyuma ya wote, juu ya kinu kilichogeuzwa, nikimsuka wa kitini. Bibi alikuwa akipiga kelele kwamba mwanamke haketi juu ya kinu, atazaa watoto wenye vichwa vikubwa. Nimezaa watano, na vichwa vyao ni vya kawaida kabisa. Tukazoea kuitana kwa nafasi zetu, na nitawaita hivyo hapa pia.

Wa mkekani alikuwa mtu wa usingizi. Ukimgusa tu kichwa, tayari anakoroma, na mate yanamtoka. Wa kigodani, ambaye peke yake kati yetu alikuwa Mwislamu, alikuwa na mdomo, mama wee! Kila asubuhi tulipokutana mtoni na madebe yetu, yeye ndiye aliyetangulia kupaza sauti kutoka mbali: "Mumekufa?" Na sisi tulipaswa kuitikia kwa pamoja: "Bado!" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Bibi akisikia anatema mate chini na kutuambia tunachezea jambo lisilochezewa. Lakini mahali pale watu walikuwa wakifa kwa kuhara na kwa surua, na sisi tulikuwa na umri wa kucheka, kwa hiyo tulicheka.

Wa kitini hakuwa na haraka na kitu chochote duniani. Angeweza kumenya muhogo mmoja kwa muda ambao mimi nimemaliza kikapu, nimekata kidole, nimegombana na mtu na tumepatana. Sijui tulipatanaje mimi na yeye. Lakini ni yeye aliyegundua namna ya kunisuka. Nyuma yangu hapakuwa na mtu, kwa hiyo nilingoja mpaka wengine wamalize, na kungoja ndiko kulikoniua. Siku moja akasimama kutoka kitini, akashika chanuo kwa meno, akazigawa nywele zangu na kusema, "Haya, tembea." Nikatembea. Nilikwenda kuokota kuni, nikaenda kuchungulia kwa jirani, nikarudi, nikachochea moto, naye yuko nyuma yangu hatua kwa hatua, vidole vinafanya kazi. Watu walitoka kwenye vibanda kutuangalia. Wakawa wanasema, "Tazama askari na mufungwa yake." Na mistari ilitoka imenyooka, jamani! Mpaka leo sijaona mtu mwingine anayeweza kazi hiyo.

Kabla ya kuanza alipima. Alichomeka kidole cha mwisho kwenye nywele zangu, na kama hazijafunika kiungo cha kwanza, alisema neno moja tu: "Bado." Ungemwomba, ungemlilia, ungemtukana, hakuongeza la pili. Nililichukia neno hilo. Nilikuwa msichana nataka kupendeza siku ya soko la Jumamosi, na huyu anasema bado!

Wa mkekani aliolewa kulekule ng'ambo, akafa akijifungua, yeye na mtoto. Kwa desturi ya kwetu, wanawake wa karibu na marehemu hunyolewa kichwa, lakini wa karibu naye ni nani? Mama yake alikuwa amepotelea upande wa Sudan, dada zake hatujui. Alikuwako bibi peke yake. Basi bibi akachukua wembe, akatuita sisi watatu nyuma ya jiko, akatunyoa. Alipomaliza akatufuta vichwa kwa kanga yake na kutuambia kwamba kuanzia siku hiyo sisi ni watu wa damu moja, msiba wa mmoja ni msiba wa wote. Nilitulia siku ile. Nadhani ndiyo mara ya kwanza.

Tuliporudi nyumbani, miaka ya katikati ya themanini, tulikuta majani marefu kuliko sisi mahali zilipokuwa nyumba. Tukajenga, tukaolewa. Mimi nilipelekwa Arua mjini, nikaanza kuuza samaki mkavu sokoni, kazi inayonifaa kwa sababu nashinda nimesimama na nagombana na watu. Wa kigodani aliolewa Omugo. Wa kitini alibaki kwao upande wa Kuluba, Koboko, akalima muhogo na simsim, ule ufuta wetu, taratibu kama ilivyo kawaida yake. Lakini nywele zilipofika tulitafutana. Nilipanda lori lolote linaloelekea Koboko, nikashuka na vumbi mpaka kwenye nyusi, na wa kigodani naye akaja na maneno yake. "Mumekufa?" "Bado!" Tulibaki mstari wa watu watatu, tukasukana, na mimi nikasukwa nikitembea shambani katikati ya simsim. Waume zetu walikuwa wakisema hakuna safari ya kijinga kama ile, kwani Arua hakuna wasusi? Wapo. Hawawezi kunifuata.

Halafu ukaja ule ugonjwa. Sisi tuliuita silimu, neno la Kizungu la wembamba, kwa kuwa ulimkondesha mtu. Wa kwanza alikuwa kaka wa wa kitini, tukanyoa. Kisha shemeji yangu, tukanyoa. Kisha mume wa wa kigodani, mtu mnene aliyekuwa anacheka mpaka anashika ukuta, akaisha akawa kama fito. Tukanyoa. Wenzetu tuliovuka nao mpaka, tuliosoma nao, tuliogombea nao ndoo, wakawa wanaondoka katika umri ambao mtu anapaswa kuwa anagombana na mkwe wake. Na kwa sababu ya maneno ya bibi, kila kilio cha mmoja kilikuwa chetu sote. Mashehe wa Omugo walisema kunyoa kwa ajili ya msiba si dini. Wanawake waliitikia ndiyo shehe, wakaenda kunyoana nyuma ya jiko.

Nywele zikawa hazifiki. Hilo ndilo jambo ninalolikumbuka kuliko makaburi. Nilikwenda Koboko, wa kitini akachomeka kidole, akasema bado. Nikarudi Arua. Kabla hazijafika, habari nyingine, wembe tena. Ikapita miaka bila mmoja wetu kusukwa hata mstari mmoja. Watu sokoni wakadhani ndivyo ninavyopenda, kipara. Nikawa sipati usingizi. Nilikuwa naamka, nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, nahamisha magunia kutoka ukuta huu kwenda ule. Mume wangu akaniambia, "Weye natafuta nini?" Nikamwambia nyamaza.

Wa kigodani alipokonda, tulijua. Hata yeye alijua. Mara ya mwisho nilipomwona akiwa hai alikuwa amelala, midomo imekauka, na nilipoinama mlangoni akaniona na kusema kwa sauti ndogo, "Mumekufa?" Wa kitini, aliyekuwa ameketi karibu naye akimpepea, ndiye aliyeitikia kwa niaba yangu. Nilitoka nje nikazunguka nyumba ile sijui mara ngapi.

Siku ya maziko, wanaume waliporudi kutoka kaburini, nilikwenda nyuma ya jiko na wembe wangu. Wanawake wakaja mmoja mmoja. Mimi nikanyoa, nikanyolewa. Wa kitini hakuja. Nikamkuta anakoroga uji wa watoto wa marehemu, kilemba kichwani.

"Njoo, tunakungoja," nikamwambia.

"Mimi sinyoi."

Nilidhani sijasikia. "Husikii vizuri au ni mimi? Huyu ni nani amekufa? Si wa kigodani?"

"Ni yeye. Mimi sinyoi tena." Akaendelea kukoroga.

Ala! Nilipandwa na mori. Nilimwambia mbele ya watu kwamba bibi angekuwa hai angemtemea mate. Nilimwambia labda anaona nywele zake ni bora kuliko za sisi wengine, labda ana bwana mpya Koboko anayetaka kumwona mzuri. Nilisema mengine pia. Wanawake wakanishika mikono. Yeye alinitazama tu na mwiko wake, machozi yanamtoka lakini hakuinua hata mkono kuyafuta, akasema, "Uji unaungua, niache." Niliondoka Omugo siku hiyohiyo kwa miguu, mpaka nikapata lori njiani.

Sikwenda Koboko tena. Na yeye hakuja Arua. Barabara nayo ilikuwa imeharibika kwa waasi, watu walikuwa wanasimamishwa porini, wengine hawafiki. Nilikuwa na kisingizio kizuri. Lakini nitasema kweli, barabara haikuwa sababu. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilinisaidia, kwa maana ilinipa kitu cha kufanya. Nilimgombeza nikipanga samaki, nikimenya vitunguu, nikienda Vurra kuchukua mzigo unaotoka Kongo. Nilimgombeza sana. Na katikati ya kumgombeza nilikuwa nahesabu, wanne, watatu, wawili, na nilipofika wawili nilibeba gunia lolote lililokuwa karibu nikalihamisha.

Asubuhi moja akaja dereva wa lori la tumbaku pale kwenye meza yangu. Alikuwa mtu wa mpakani, anayechanganya Kiswahili cha Kongo na chetu. Akanunua samaki, akaanza kuondoka, kisha akageuka kama mtu aliyekumbuka jambo dogo.

"Eh, mama. Ile mama ya Kuluba, rafiki yako. Yeye nasema, ambia yeye imefika."

"Nini imefika?"

"Mimi sijui. Yeye nasema tu, imefika, kuja mbio."

Sasa msomaji wa Pwani atanielewa nikimweleza. Kiswahili chetu cha huku kilitoka kambini na sokoni, hakina mambo mengi. Mtu iko, nyumba iko, mbuzi iko, Mungu iko. Siku ikifika imefika, mgeni akifika imefika, na chochote kingine kikifika, ni hivyohivyo. Na kule kwetu, mgonjwa akiwaambia watu wake kwamba imefika, hakuna anayeuliza nini. Ni siku yake. Na mwanamke yule ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu aje mbio, leo anasema njoo mbio!

Nikaacha meza, nikaacha samaki, sijui nani aliwafunika. Nyumbani nilichukua shuka jeupe nililokuwa nimeliweka sandukuni, nikachukua na wembe. Mume wangu alisema barabara ni mbaya, ngoja msafara wa jeshi. Nikamwambia kama anataka kungoja angoje yeye. Nilipanda juu ya lori, juu ya mifuko, na njia nzima nilisimama nimeshika kamba. Watu waliniambia mama kaa chini, ukionekana watapiga risasi. Ningekaaje? Nilisema moyoni mwangu, Mungu, nipe maneno mawili tu naye. Sikutaka hata anisamehe, wala sikujua kama nimemsamehe yeye. Nilitaka nimkute anapumua. Kama ameondoka, katika dunia hii hakuna mtu mwingine aliyebaki ambaye ningemwambia "mumekufa" akajua la kuitikia.

Kwetu mtu haingii kwenye msiba kimyakimya. Nilipofika kwenye njia panda inayoingia kwake, nikafungua kitambaa kichwani, nikakifunga kiunoni, nikaanza kulia kwa sauti. Nilimlilia kwa mambo yake yote, mihogo yake ya polepole, vidole vyake, kiti chake cha kukunja. Watu wakatoka mashambani na majembe. Wanawake wengine, kwa kunisikia mimi, wakaanza kulia bila kujua wanamlilia nani, na wakanifuata. Tukaingia uwanjani kwake kundi zima.

Akatoka jikoni. Mikono imejaa unga wa muhogo, kilemba kichwani, mzima kabisa, amenona hata.

"Nani amekufa?" akauliza.

Wale wanawake nyuma yangu wakanyamaza mmoja mmoja. Mmoja akamuuliza mwenzake, "Sasa sisi nalilia nani?"

"Wewe," nikasema. "Umekufa wewe."

"Bado," akasema.

Nilimrukia. Sijui kama nilitaka kumpiga au kumkumbatia, nadhani nilianza na la kwanza nikamaliza na la pili, na unga wake ukanijaa mgongoni. Nilimpigia kelele sikioni: ulisema imefika, mwanamke gani anatuma maneno kama hayo, umeniua, nimeacha samaki! Naye alikuwa anacheka na kulia pamoja, anajaribu kusema, sisikii. Mwishowe akanisukuma kidogo, akavua kilemba.

"Nywele," akasema. "Nywele imefika."

Zilikuwa zimejaa kichwa kizima, nyeusi, nene, zimechanwa nyuma. Zilifunika kidole chote, si kiungo kimoja. Niliziangalia. Sikuwa nimeziona nywele za mmoja wetu urefu huo tangu tulipokuwa wasichana.

Majirani waliondoka wakinung'unika, na haki yao, walikuwa wamepoteza machozi bure. Yeye akaleta kile kiti, turubai lake limeshonwashonwa. Hakukikalia. Alikiweka kwa ajili yangu, akatandika mkeka mbele yake, akakaa chini pale ambapo zamani alikaa mwenzetu wa usingizi. Nikaketi, nikamshika kichwa. Vidole vyangu vilikuwa vimesahau, mstari wa kwanza ulikwenda upande, nikaufumua. Alisubiri. Nilipofika mstari wa tatu akaanza kusema bila kugeuka.

"Nilipokuwa nampepea, aliniuliza ni lini tutasukana. Nikapima nywele zake, nikamwambia bado. Nikapima zangu, bado. Zako, najua, bado. Nikaona sisi sote tutakwisha tukisema bado. Nikasema mmoja lazima afike. Hata mmoja."

"Ungeniambia pale Omugo."

"Ulikuwa na wembe mkononi na mdomo wazi. Ningekuambia kupitia wapi?"

Nilivuta nywele kwa nguvu kidogo, akasema aii, nikasema samahani, sikumaanisha samahani. Tukaendelea. Jua likapita juu ya jiko, likashuka upande wa Kongo, na mimi niko pale kitini. Sikusimama kunywa maji. Binti yake alikuja kuniangalia kwa sababu amesikia maisha yake yote kwamba shangazi wa Arua hakai.

Nilipomaliza, alijipapasa kichwa kizima kwa viganja, mstari kwa mstari. Halafu akasimama ili tubadilishane, kama ilivyokuwa zamani. Akaliona shuka lile jeupe juu ya kifurushi changu, na wembe juu yake. Alielewa nilikuja kufanya nini. Aliushika wembe, akaukunja ndani ya karatasi yake, akauchomeka kwenye nyasi za paa la jiko, juu, mahali ambapo mimi kwa ufupi wangu siwezi kufika.

"Geuka," akasema.

Nilikuwa nimenyoa tena si muda mrefu, kwa ajili ya mtoto wa shemeji yangu. Nilijua jibu. Nilikaa mkekani, nikageuza kichwa, nikahisi kidole chake cha mwisho kinaingia katika vile vinywele vyangu vya kuchoma, kinagusa ngozi mara moja.

"Bado."

"Pima tena," nikamwambia.

Akapima tena.